Walipotuunganisha na Watu wa Ng'ambo

Watoto wangu hupenda kusema kwamba Njombe ilikua. Ndama hukua. Mji wetu uliandikwa kwenye karatasi, ukasomwa mbele ya watu, na aliyeusoma alikuwa mume wangu. Nasema hivi mapema, asije mtu akadhani nina simulizi ya upole.

Wakati wa Mwingereza palikuwa na boma juu ya kilima na maduka machache ya Wahindi yaliyojipanga kando ya barabara ya kwenda Songea. Chini ya boma ulipita mto mdogo. Upande wa huku tulikaa sisi, Walutheri, watu wa baba yangu. Upande wa pili walikaa Wakatoliki, waliojenga kuizunguka misheni yao. Sisi tulikuwa na jumbe wetu, naye ndiye baba yangu, na soko letu siku ya Jumatano. Wao walikuwa na jumbe wao na soko lao la Jumamosi. Katikati palikuwa na daraja la magogo mawili yaliyooza, na hakuna upande uliokubali kukata gogo la tatu.

Tulichukiana. Nimejaribu kukumbuka chanzo na sikioni. Wao walisema sisi tunanuna hata harusini kwa sababu hatunywi. Sisi tulisema wao wanakomunika asubuhi, jioni wamelala kwenye mfereji wa barabara kwa pombe ya ulanzi. Wanawake wao walikaa juu ya mto, sisi chini, nao walichagua siku zetu za kuchota maji kuwa siku zao za kuosha matumbo ya nguruwe. Sisi tuliwaona kondoo wao wakikaribia tope la bondeni, tukawasaidia kuingia.

Huko ndiko nilikoolewa.

Nilikuwa nikipeleka maziwa bomani kila asubuhi, na karani wa pale alikuwa kijana wa ng'ambo, mrefu, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Kwetu wanaume walipiga kelele hata walipokuomba chumvi. Nadhani nilipenda ule ukimya kabla ya kumpenda mwenyewe. Baba alipojua hakunipiga. Ng'ombe wa mahari walivushwa mto saa nne, na saa nane walikuwa wamesharudishwa kwao. Nikaolewa hivyo hivyo, kanisani kwao, na kanisani kwetu jina langu likasomwa kati ya waliotengwa.

"Umevuka mto," baba aliniambia. "Usije kunililia kiu."

Mama alikuwa akija Jumapili baada ya ibada, na viazi kwenye kikapu. Baba hakuja hata siku mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa.

Mtoto huyo alikuwa ameanza kukaa tulipoitwa kwenye baraza la Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Pande mbili zote ziliitwa kwa siku moja, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea. Tulikaa kwenye majani mbele ya boma, wao kushoto, sisi kulia. Nasema sisi, na kweli siku ile sikujua nikae wapi. Nilikaa nyuma, peke yangu, na mtoto mgongoni.

Bwana Shauri alikuwa kijana mwekundu wa shingo, mwenye Kiswahili cha kitabuni ambacho wazee wetu wengi hawakukielewa. Alisema, mume wangu akasimama pembeni yake akitafsiri kwa Kibena. Tangu siku ile, makazi ya ng'ambo zote mbili, pamoja na maduka, yangekuwa mji mmoja. Soko moja, karibu na maduka, siku ya Jumamosi. Jumbe mmoja. Mipaka ya mji ingewekewa mawe. Ndani ya mawe hayo hakuna nguruwe kuzurura, hakuna kupika pombe nyumbani, na hakuna kulima zao lolote linalopita kiuno cha mtu karibu na nyumba.

Mimi nilikisikia Kiswahili cha yule Mzungu na nilikisikia Kibena cha mume wangu, na havikuwa sawa. Mzungu alisema "marufuku". Mume wangu alisema "ingefaa tuache". Baba naye alikuwa amesoma kidogo kwa Wajerumani. Akasimama.

"Karani," alisema, "tuambie alivyosema. Usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mume wangu alitazama karatasi, akasema upya, safari hii bila kulainisha. Watu wakaguna. Baba akauliza, "Mahindi yamekosa nini?"

Bwana Shauri akajibu kwamba mahindi marefu huficha wezi na kuleta mbu.

"Mbu?" alisema baba. "Njombe hii? Bwana, tunakuomba uje mwezi wa saba, wakati umande unapoganda, utuonyeshe huyo mbu naye tumpe blanketi."

Pande zote mbili zilicheka. Nilikuwa sijawahi kuwasikia wakicheka jambo moja, na sikuwasikia tena. Bwana Shauri alingoja kicheko kiishe, kisha akamtaja jumbe wa mji mpya. Alikuwa jumbe wa ng'ambo, kaka mkubwa wa baba yake mume wangu. Sababu ni kwamba alijua kusoma na kuandika vizuri zaidi na soko lake lilikuwa na watu wengi zaidi.

Kushoto walipiga vigelegele. Kulia, watu wa baba yangu waligeuka wote pamoja, na hawakumtazama Bwana Shauri. Walinitazama mimi.

Mchana ule nilimwekea mume wangu chakula, nikasimama mlangoni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu barua ilipofika. Zilikuwa habari za ofisi."

"Umekula chakula changu siku zote hizo na hukusema baba yangu anavuliwa ujumbe."

"Ningesema, ungeenda kumwambia."

Alisema kweli, ningeenda. Jambo hilo lilinikasirisha zaidi. Nilichukua sahani kabla hajamaliza, nikawapa kuku.

Mawe yaliwekwa baada ya Krismasi. Mazito, ya saruji, kila moja na chuma kimechomoza juu. Matatu yaliangukia upande wetu, na moja lilikuwa nyuma kabisa ya zizi la baba, hivyo nyumba yake na shamba la mama vikawa mjini. Kisha ikajulikana kwamba mashamba ya watu wa ng'ambo hayakuhesabiwa. Yalikuwa ndani ya ardhi ya misheni, na ardhi ya misheni ilikuwa na hati yake ya zamani. Walikuwa watu wa mji kwa soko na kwa ujumbe, na watu wa shamba kwa mahindi. Hakuna aliyeweza kuwaambia watu wetu kwamba hayo yalitokea kwa bahati tu. Hata mimi sikuamini, na bado siamini.

Mama alikuwa amekwisha kupanda. Angefanya nini, mvua ilikuwa imenyesha. Mwezi wa tatu mahindi yake yalikuwa yametoa mbelewele, na hapo ndipo walipokuja matarishi watatu na mapanga, na mume wangu nyuma yao na karatasi.

Jirani alinikimbilia kuniambia. Nilipofika, walikuwa wamefyeka nusu ya shamba. Mama alikuwa amesimama katikati ya mistari, mikono ameifungia ndani ya kaniki yake. Matarishi hawakuwa na amri ya kumgusa. Basi walikata kumzunguka. Walikata mbele, wakakata nyuma, wakaja kushoto na kulia, mpaka mama akabaki wazi na mabua manne au matano yamemzunguka kama mtu aliyesahauliwa.

Mama akamwita mume wangu.

"Mwanangu," alisema, na alikuwa hajawahi kumwita hivyo, "hebu soma tena. Labda hukuona vizuri."

Naye akasoma tena. Hilo ndilo ninalomdai mpaka leo. Angeweza kusema karatasi imelowa. Angeweza kukaa kimya. Akaisoma tena toka juu hadi chini, kwa sauti yake ile ya chini, na alipomaliza tarishi mmoja akakata mabua yaliyobaki.

Niliokota bua, nikampiga nalo usoni. Kofia yake ikaanguka, matarishi wakacheka. Jani lilimkata, akatokwa na damu kidogo chini ya jicho.

"Nenda nyumbani," aliniambia.

"Nyumbani ni wapi?"

Akainama, akaokota kofia yake. Na toka ng'ambo, ambako mahindi yao yalikuwa yamesimama marefu kuliko nyumba, wanawake walikuwa wametoka kutazama. Mmoja wao, niliyekuwa nikisali naye benchi moja kila Jumapili, akaweka mikono mdomoni akapaza sauti, "Karibuni mjini!"

Wenzake wakapokea. Karibuni mjini, karibuni mjini, mpaka mama alipoingia ndani na kufunga mlango.

Baba siku hiyo alikuwa Mdandu kwa ndugu zake. Alirudi kesho yake, akaambiwa. Hakufoka. Alichukua jembe na mtaimbo, akaenda nyuma ya zizi, akalichimba lile jiwe la mpaka, akalibeba begani, akapanda nalo kilima hadi bomani. Ilikuwa asubuhi kweupe, watu wako sokoni. Akaliweka kwenye ngazi za baraza la ofisi, akarudi. Akachimba la pili. Akapanda tena. Watu wakaanza kumfuata kwa mbali. Tarishi wa mlangoni hakuwa amepata kuambiwa afanye nini mtu anapoleta jiwe, kwa hiyo alimpisha. Baba alipofika na la tatu, jasho limemlowesha shati lote, Bwana Shauri alikuwa ametoka nje.

"Mlisahau vitu vyenu kwangu," baba alimwambia.

Walimkamata palepale. Hakukataa kufungwa kamba, alisema tu kwamba wamngojee apumzike kwanza.

Mume wangu alikuwa dirishani. Aliona kila kitu, na wiki ile aliitwa kuwa shahidi. Nilikuwa sijasema naye tangu siku ya mahindi. Ilinibidi niseme.

"Usiende," nilimwambia. "Sema unaumwa."

"Watamleta tarishi. Naye ataongeza uongo. Atasema alimtishia Mzungu kwa mtaimbo."

"Basi na aseme tarishi. Asiseme mkwe."

"Mimi nitasema niliyoyaona tu. Ni nafuu kwake."

Pengine alikuwa sahihi. Nimeishi na neno hilo, pengine, miaka mingi, na halijanifaa kitu. Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikamsikia akisema mbele ya hakimu: aliona jiwe la kwanza, aliona la pili, aliona la tatu. Baba alipoulizwa kama ana swali kwa shahidi, alisema, "Simjui mtu huyu." Akapewa miezi minne na kazi ngumu.

Kazi ngumu yenyewe waliipeleka kwetu. Mji mpya ulihitaji mfereji wa kutoa maji sokoni, na mfereji ulipita katikati ya ng'ambo yetu. Baba alichimba mfereji huo akiwa amevaa kaptula na fulana ya wafungwa, mbele ya watu aliokuwa akiwaamulia kesi zao. Walutheri wenzake walipita njia nyingine ili wasimwone. Walidhani wanamheshimu. Watu wa ng'ambo hawakuzunguka. Walipita kando yake wakienda sokoni na vikapu vyao, na wengine walisimama.

Siku moja alikuja yule jumbe mpya. Alikuwa mzee mwenzake baba, na nadhani hakuja kwa ubaya. Alivua kofia, akainama ukingoni na kibuyu cha togwa.

"Kamwene," alimsalimu. "Kunywa, jua kali."

Baba alipokea kibuyu kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akakimimina chote kwenye udongo mbele ya miguu yake, akamrudishia kitupu.

"Ahsante," alisema. "Mfereji ulikuwa mkavu."

Askari jela akampiga fimbo mgongoni. Yule jumbe akasema, "Mwache, mwache," na akaondoka haraka, kofia mkononi. Nilikuwa nimesimama mbali kidogo na mtoto, na sikusogea. Nilimchukia jumbe, nikamchukia askari, na nitasema kweli, nilimchukia na baba pia. Aliniona pale. Alinitazama kama alivyomtazama shahidi.

Jumatatu iliyofuata nilipanda lori la Mhindi juu ya magunia, nikaenda Makambako kwa shangazi yangu.

Makambako ya siku zile ilikuwa njia panda na upepo, bila cha kuuzuia. Malori ya kutoka Iringa na ya kutoka Mbeya yalisimama pale, na ya kwenda Njombe na Songea yalipinda pale. Shangazi alikuwa na kibanda cha chai. Nilimenya viazi, nilichota maji, nilikuna masizi ya sufuria. Mtoto alikohoa majira yote ya baridi. Madereva waliniuliza mume yuko wapi, nikawaambia amekufa.

Alikuja baada ya miezi miwili. Alishuka kwenye lori amevaa koti la ofisi, vumbi hadi kwenye nyusi. Shangazi alimpa kiti na chai, kisha akakaa katikati yetu kama ukuta.

"Nimekuja kuwachukua," alisema mume wangu.

"Mchukue mama kwanza," nilimwambia. "Mpelekee mahindi yake, kisha uje."

"Nilipeleka gunia. Alilikataa."

Sikujua hilo.

"Unataka niache kazi?" aliuliza.

"Ungeacha?"

Alifikiri. Mtu mwongo angejibu upesi. Yeye alifikiri mpaka chai ikaacha kutoa mvuke.

"Hapana," alisema. "Nikiacha mimi, watakuja kusomewa na mtu asiyejua hata majina yao."

"Basi nenda ukawasomee."

Alimbeba mtoto, akazunguka naye nje kidogo, akamrudisha, akapanda lori la kurudi. Shangazi aliosha kikombe chake, akaniambia, "Mwanamume huyo si mbaya, lakini mimi nisingemtaka." Sijasikia mtu yeyote akimweleza vizuri zaidi.

Baba alipotoka jela hakulala hata siku moja ndani ya mji. Alifunga mizigo yake, akamchukua mama na ng'ombe wanne, wakahamia Mdandu kwa ndugu zake. Kutoka Makambako nilimfuata huko. Nilimkuta anatengeneza zizi. Nilipiga magoti, nikamwomba anipokee, mimi na mtoto, hata kwenye banda.

"Nimekuwa mzee wa kukaa kwa watu," alisema. "Na wewe unataka kuwa mgeni wa mgeni?"

"Nimemwacha, baba. Nimemwacha kwa ajili yako."

"Sikukuambia umwache. Sikukuambia umchukue, na sikukuambia umwache." Alirudi kwenye nguzo zake. "Mama yako atakupa chakula. Kesho uende."

Mama alinipa chakula, alilia, na kesho nilikwenda.

Nilikaa Makambako msimu mmoja zaidi, mpaka kifua cha mtoto kilipozidi. Nikarudi Njombe kwa sababu huko kulikuwa na daktari, na mume mwenye nyumba ya bati. Mtu akiniambia nilirudi kwa upendo, namwambia aniulize mimi. Mume wangu alifungua mlango, akamchukua mtoto, wala hakuuliza lolote. Soko lilikuwa moja sasa. Ng'ambo yetu waliuza upande wa juu, ng'ambo yao upande wa chini, na mtu wa kwetu alikuwa radhi kurudi na kabichi zake zimenyauka kuliko kumuuzia wa kwao. Daraja lilikuwa jipya, la mbao nzuri. Mji ulilijenga. Mimi nililivuka nikiwa sina wa kumtembelea upande wowote.

Baba alifariki miaka michache baadaye, tukiwa bado chini ya Mwingereza. Tulipata habari asubuhi, na mume wangu akasema atakwenda nami. Nilimwambia asije, akavaa koti lake. Tulishuka kwenye lori, tukatembea hadi Mdandu bila kusemezana, tukawakuta wamekwisha kuchimba.

Kaka zangu wawili walikuwa kwenye lango la ua. Mimi walinipisha. Kwake yeye waliweka mkono.

"Wewe utasimama hapo," alisema kaka mkubwa. "Ukiingia tutakuzika naye."

Mume wangu alinitazama. Palikuwa na watu wengi, na wote walisogea kusikia nitasema nini. Ningeweza kusema ni mume wangu, mwacheni. Ningeweza kusema alipeleka gunia. Maneno yalikuwepo, na hayakuwa magumu.

Nikaingia peke yangu. Nikatupia udongo, nikaimba na wenzangu, nikakaa na mama hadi alipotulia. Nilipotoka, yeye alikuwa bado amesimama palepale nje ya ua, kofia mkononi, mvua imemlowesha, na hakuna aliyempa hata kigoda.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, tukazaa wengine wanne. Alikuwa baba mwema kwao. Siku hiyo hatukuizungumza kamwe, na sijapata kumwomba radhi. Amekwisha kufa naye, na tulimzika ng'ambo ya kwao, maana watoto walisema pale ndipo penye nafasi.